Rimu za Dhahabu na Mtamba wa Mama

Kama kwako kuna kijana anayeota kumiliki gari la spoti, mwite akae karibu asome pamoja nawe. Mkasa huu ulitupata sisi wenyewe, watu wa Chechelesi, hapa Isiolo, mnamo Desemba mwaka 2021, na hadi leo nikisikia harufu ya mpira ukiungua moyo hunidunda.

Mdogo wangu alilelewa na picha ya Subaru. Alikuwa mtoto mdogo Colin McRae aliposhinda Safari Rally ya mwaka 1997, na Richard Burns aliposhinda ile ya mwaka 2000, wote wawili kwa Impreza. Picha ya gari lile la buluu lenye rimu za rangi ya dhahabu, aliyoikata gazetini, ilibandikwa juu ya kitanda chetu hadi mchwa walipoila. Basi alipokuwa mtu mzima akafanya kazi, akadunduliza, akanunua Impreza ya mwaka 2006 iliyokwisha tumika. Buluu, bila shaka. Kilichokosekana ni dhahabu.

Safari iliporudi katika mashindano ya dunia Juni mwaka 2021 kule Naivasha, homa ikampanda upya. Mama alikuwa amempa mtamba awe mwanzo wa mifugo yake. Akamuuza kimyakimya, akashuka Nairobi, akarudi na rimu nne zinazong'aa. Zile za kiwandani akamwuzia mwalimu mmoja jirani yetu mwenye Impreza kama yake.

Nami nilipofika likizoni nilizisifu, sina budi kukiri. Magurudumu yalikuwa yametokeza nje kidogo ya bodi, kama goti la mtu aliyekaa vibaya kwenye matatu, nikadhani ndio mtindo.

Siku ya tatu tukampeleka Mama kliniki yake ya presha mjini Meru. Kwenda, mpaka tunafika Subuiga penye njia panda, hatukusikia lolote ila mngurumo nyuma, ambao mdogo wangu alisema ni lami mbaya. Kurudi ndiko kulikokuwa na kazi. Tulikuwa tumempakia shangazi na gunia la viazi. Kila gari lilipozama kwenye tuta tukasikia kitu kikikwaruza, krrr, kisha kunyamaza.

"Gari hili linalia," Mama akasema.

"Ni barabara, Mama."

"Barabara nilipita asubuhi. Haikulia."

Tukateremka kuelekea Isiolo, mteremko ule mrefu unaojulikana na kila dereva wa miraa. Harufu ya mpira ilipoingia ndani, shangazi akaanza kuomba kwa sauti, na hapo ndipo mdogo wangu alipokubali kusimama. Lo! Tairi la nyuma la kushoto, upande wa nje, lilikuwa limenyolewa na ukingo wa bodi mpaka nyuzi zimeonekana. Niliingiza ukucha ndani ya ule mkato. Kilichobaki kati yetu na korongo hakikuwa kinene kuliko jani la mkonge.

Mama aliketi juu ya jiwe, akaitazama rimu ile ya dhahabu kwa muda mrefu. Kisha akauliza polepole, "Mtamba wangu ndiye huyu?"

Mdogo wangu hakujibu. Alikuwa tayari amechuchumaa na jeki, akifunga kile kigurudumu chembamba cha akiba, na machozi yanamtoka. Tulifika nyumbani mwendo wa punda.

Kesho yake tukaenda kwa fundi mmoja mzee mjini, mtu wa maneno machache. Mdogo wangu akajitetea: rimu zina matundu matano, yamekaa kwenye mduara wa milimita 100 kama Subaru inavyotaka, tena zimeingia bila nguvu. Mwenye duka alimhakikishia.

"Kuingia zimeingia, kijana," akasema mzee. "Zimekaa?"

Akatuma rimu moja ya zamani iazimwe kwa mwalimu. Akazilaza zote mbili kifudifudi, akaweka fito iliyonyooka juu ya mgongo wa kila moja, akapima kwa futi ya chuma kutoka fitoni hadi pale chuma kinapobanwa na habu. Ya zamani ilitoa karibu milimita 157, mpya 149.

"Milimita nane tu!" mdogo wangu akaruka. "Mzee, ndizo za kuniulia tairi?"

Mzee akazigeuza. Kutoka pale pa kubania hadi ukingo wa nje, ya zamani ilikuwa na karibu milimita 47. Ile ya dhahabu, 79. Tukanyamaza.

Jambo lenyewe huitwa ofseti, na nusura lituue kwa kutolijua. Chora mstari katikati ya upana wa rimu. Umbali kutoka mstari huo hadi uso unaobanwa kwenye habu ndio ofseti, nayo huhesabiwa kwa milimita. Kwa magari kama hili uso huo huwa upande wa nje wa mstari, hivyo namba ikiwa kubwa gurudumu huingia zaidi chini ya bodi, na ikipungua hutokeza nje. Rimu ya kiwandani ilikuwa na upana wa inchi 7 na ofseti ya 55, na ile mpya inchi 8 na ofseti ya 35. Ofseti ililisukuma gurudumu nje milimita 20, na ile inchi moja ya unene ikagawanyika, nusu yake ikaongezea huko huko nje. Namba zote hizo zilikuwa zimechorwa mgongoni mwa rimu tangu siku ya kununuliwa. Nani aligeuza kutazama?

Mngurumo nao haukuwa lami. Beringi imewekwa ibebe mzigo ulio karibu nayo. Ukilipeleka gurudumu nje, unakuwa kama mtu anayebeba ndoo ya maji kwa mkono ulionyooka. Mzee akalitikisa gurudumu la nyuma, likacheza.

Mdogo wangu akauliza kama spesa zingesaidia, maana mwenye duka alikuwa amemwahidi. Mzee akacheka kwa mara ya kwanza. Spesa ya milimita 5 hupunguza ofseti kwa 5, basi humfaa aliyelemewa kwa ndani. Sisi tungezidi kutoka nje. Kama lazima awe na inchi 8, akasema, atafute zenye ofseti ya karibu 48, na hata hizo azijaribu kwanza gari likiwa limebeba watu na viazi.

Hakuzitafuta. Alikwenda kwa mwalimu, ambaye kwa kuwa ni mwalimu wa hesabu alimrudishia rimu zake kwa bei ya juu kuliko aliyonunulia. Beringi ikabadilishwa, na tairi moja likanunuliwa. Za dhahabu zilikaa nyuma ya zizi mpaka kuku wakazifanya viota.

Januari tulimrudisha Mama kliniki. Alikaa mbele safari hii, dirisha likiwa wazi, sikio limeelekea nje. Hakusema neno hadi Subuiga. Hapo akapandisha kioo, akajifunika leso, akalala.