Soketi namba kumi

Ijumaa iliyopita nilikosa treni ya saa kumi na moja jioni kwa sababu ya soketi namba 10. Zamu imekwisha, nimeshanawa, koti liko begani, mara tukaitwa turudi wote wanne. Msimamizi wetu alikuwa amesimama mbele ya kabati la vifaa, droo ya tatu imefunguliwa, kidole chake kiko kwenye shimo moja jekundu.

Ninafanya kazi kwenye karakana ya mabasi hapa Wuppertal, Ujerumani. Droo zetu zimetandikwa sponji ngumu ya rangi mbili: nyeusi juu, nyekundu chini. Kila spana, kila bisibisi, kila soketi imechongewa kitanda chake. Kifaa kikiwa mahali pake huoni kitu ila weusi na chuma kinachong'aa. Kikitoka, wekundu unakukodolea macho, na siku haiishi mpaka umefunikwa.

Tulitafuta kwa dakika 40. Tulipitisha sumaku ya fimbo chini ya basi, tukachuja oili chafu iliyokuwa kwenye beseni, tukapekua mifuko ya maovaroli. Basi lenyewe lilikuwa limeshamalizwa na dereva wa asubuhi alikuwa analitegemea, lakini hakuna aliyethubutu kugusa swichi. Hatimaye kijana mmoja akaikuta imelala juu ya mabano ya jenereta, umbali wa vidole viwili kutoka kwenye mkanda wa feni. Injini ingewashwa pale, mtetemo ungeidondosha penye mkanda. Hakuna aliyeulizwa nani aliiacha. Msimamizi aliifuta kwa kitambaa, akailaza kitandani mwake, akatutakia mwisho wa juma mwema.

Ndani ya treni iliyofuata nilikuwa nimekasirika kweli. Dakika 40 za maisha yangu kwa kisoketi ambacho pale Kariakoo ungenunua kingine njiani ukielekea kula! Lakini kabla sijafika nyumbani hasira ilikuwa imegeuka upande, kwa sababu nilimkumbuka babu.

Babu yangu mzaa mama alikuwa fita kwenye karakana ya reli Morogoro tangu enzi za Shirika la Reli la Afrika Mashariki, kabla Jumuiya haijavunjika mwaka 1977. Alituhadithia mara nyingi, nasi wajukuu tulikuwa tunasinzia. Stoo ya vifaa ilikuwa na dirisha moja. Kila fita alikuwa na visahani vya shaba vilivyogongwa namba yake. Ukitaka spana kubwa au mikrometa, unatoa kisahani, mtunza stoo anakupa kifaa na kukitundika kisahani chako kwenye msumari wa kile kifaa. Jioni anausoma ukuta kama kitabu: hapa pana shaba, kwa hiyo hapa pana deni. Namba ya babu ilikuwa 417. Mpaka leo kisahani kimoja kiko kwenye droo ya cherehani ya mama, pamoja na vifungo na sindano.

Ndiyo maana ninaudhika kila ninapotuma picha ya kabati letu nyumbani na kujibiwa, "Wenzetu wamestaarabika." Jamani, babu alikuwa anarudisha vifaa kwa hesabu kabla mimi sijazaliwa, na alikuwa anakwenda nyumbani Kichangani akiwa na tope la Morogoro miguuni. Jambo hili tulilijua. Ninachotaka kuelewa ni lini tuliliacha.

Mjomba, mtoto wa babu, hakuingia reli. Alifungua gereji chini ya mwembe, jirani na Msamvu, na mimi nilianza kushika spana pale kabla hata ya kwenda chuo cha ufundi cha VETA. Vifaa vyote vilikaa kwenye sanduku moja la mbao, vimerundikana, vya juu vinang'aa na vya chini vina kutu. Sauti ya gereji ile ilikuwa moja: "Nani ana kumi na mbili?" Namba 12 ndiyo roho ya gereji ya Toyota. Bolti ya Kijapani yenye unene wa milimita 8 ina kichwa cha 12, na ya milimita 10 ina kichwa cha 14. Huku Ujerumani bolti zilezile zina vichwa vya 13 na 16, au 17 zikiwa za zamani. Miezi yangu miwili ya kwanza mkono wangu ulikuwa unaokota 12 wenyewe, bila kuniuliza.

Namba inayotakiwa ikikosekana, ndipo spana malaya, ile ya mdomo unaorekebishwa, inapoitwa, au spana ya urithi aliyoacha babu, iliyoandikwa 1/4 W. Spana hiyo ilitutesa. Ni ya kipimo cha Whitworth cha Waingereza, ambacho namba yake inataja unene wa bolti na si upana wa mdomo. Mdomo wenyewe una milimita 13.3 hivi. Inashika nati ya 13 kwa ulegevu kidogo, na ulegevu huo mdogo ndio unaokula pembe za nati. Nati ikishaliwa, inakuja patasi na nyundo. Patasi yetu ilikuwa na kichwa kilichopanuka kama uyoga kwa kupigwa, kingo zimejikunja na kupasuka. Siku moja kipande kiliruka kikamkata fundi mwenzetu juu ya nyusi. Huku nimemwona mzee wa karakana akitumia muda wake wa mapumziko kusaga vichwa vya patasi zote, moja baada ya nyingine, mpaka zikawa na mabega laini. Nilitazama nikiwa na mkate mkononi, nikashindwa kuumeza.

Soketi nazo nilizijua upya. Mjomba alipenda za pembe 12 kwa sababu zinaingia upesi hata kichwa chini, gizani. Ni kweli. Lakini kwenye bolti yenye kutu, ya pembe sita inasukuma ubavu wa bolti, wakati ya pembe 12 inang'ang'ania karibu na kona na kuzimenya. Na zile nyeusi, za kutumia na mashine ya upepo, si nyeusi kwa urembo. Chuma chake kimetengenezwa kustahimili kugongwagongwa. Ile inayong'aa ni ngumu zaidi, na ikigongwa na mashine inaweza kupasuka usoni kwako. Hilo kwa mjomba hakuna aliyelijua, na yeyote anayefungua matairi kwa soketi ya kung'aa leo naomba aache.

Grenda ndiyo inayoninyima usingizi. Nyumbani kinga hutolewa siku ya kwanza, ili diski kubwa iingie kwenye grenda ndogo. Someni maandishi ya kwenye diski: ya milimita 180 imeandikwa isizidi mizunguko 8,500 kwa dakika. Grenda ndogo ya 115 inazunguka karibu 11,000. Huku hata diski mpya isiyotumika hutupwa tarehe yake ikipita. Iko pale kwenye ile pete ndogo ya chuma katikati, mwezi na mwaka, kwa sababu gundi inayoshikilia chembe huzeeka na kunywa unyevu. Nilikaa gereji miaka minne nikidhani ni namba za kiwandani.

Na toki renchi, ile spana inayolia "ka!" ikifika kipimo. Yetu ina cheti, na hupelekwa kupimwa kila mwaka. Ukimaliza kazi unairudisha kwenye kipimo chake cha chini kabisa, maana springi ikilala imebanwa huchoka, na spana iliyochoka hudanganya. Mjomba alikaza silinda hedi kwa mkono, anafumba macho, anasikiliza bega lake. Nimeona Hiace aliyoikaza hivyo ikienda na kurudi Mahenge miaka na miaka. Nimeona pia nyingine iliyorudi inachemsha baada ya wiki, na mjomba akaifungua hedi upya bila kumtoza mteja hata shilingi, na usiku ule nyumbani kwake hakukupikwa nyama.

Jumapili nilimwambia haya mdogo wangu, ambaye sasa ndiye anayeendesha gereji ile. Akasema, "Dada, kukabidhiana vifaa ni mambo ya watu wenye mshahara." Hapo alinishika. Stoo ya babu ilikuwa ya shirika. Kabati langu ni la kampuni. Chini ya mwembe kila spana imenunuliwa kwa pesa ya mtu, na jirani akija kuazima 14 huwezi kumnyima, kwa sababu kesho jeki unayoihitaji iko kwake. Seti nzuri inazidi kipato chake cha mwezi, na ile ya bei nafuu hupanuka mdomo kabla mvua za masika hazijaisha. Sikuwa na jibu. Nilisema tu kwamba spana kumi nzuri zinashinda seti ya arobaini mbovu, aanze na 10, 12, 14, 17 na 19, nami nitachangia. Akasema atafikiri. Tukazungumza habari za mama.

Jana usiku ilinifikia picha. Ametundika ubao wa mninga kwenye shina la mwembe, akapigilia misumari, akachora kwa chaki umbo la kila spana. Spana zenyewe zimefutwa kwa mafuta ya taa. Umbo moja ni tupu, la namba 14. Chini ya msumari wake ameandika, kwa chaki ileile, jina la jirani na saa aliyoiazima.