Injini Si Sweta la Shule

Kwetu Iringa sweta la shule hununuliwa kubwa. Mtoto anaingia darasa la kwanza mikono ya sweta imekunjwa mara mbili, na mama anasema maneno ambayo nadhani yamesemwa katika kila duka la sare nchini: atakua nalo. Viatu navyo hutiwa karatasi mbele. Baiskeli hununuliwa ya mtu mzima, mtoto akaingiza mguu katikati ya fremu mpaka siku atakapofikia kiti. Sioni ubaya wowote. Ni hesabu ya watu wasio na fedha za kununua kitu kilekile mara tatu.

Ndiyo maana sikushangaa kaka yangu alipotumia neno hilohilo kuhusu injini. "Atakua nayo," aliniambia kwenye simu.

Alikuwa anamzungumzia binti yake, ambaye wakati ule alikuwa na miaka 9 na uzito wa kilo 27. Iringa watu wanapenda mbio za magari, na kaka, mwenye duka la vipuri vya pikipiki, amezipenda tangu hajaota ndevu. Yeye na baba wengine wanne walikuwa wamepata shamba lisilolimwa nje ya mji, wakapanga matairi ya zamani kuzunguka, na Jumapili mchana watoto wao walishindana humo kwa pikipiki ndogo za magurudumu manne, ambazo watoto wanaziita kwadi. Mmoja alikuwa ameagiza kwadi nzima kutoka Dar es Salaam. Wengine walitengenezewa na mafundi. Binti alikuwa hana, na kila Jumapili alikuwa anashika bendera.

Mimi nasoma shahada ya uzamili ya uhandisi mitambo Mbeya. Katika ukoo wetu hiyo ina maana kwamba nikifika nyumbani naletewa pasi iliyoungua na feni isiyozunguka. Safari hii kaka alisema, "Mdogo wangu, injini ninayo. Wewe nichoree fremu tu."

Injini aliyokuwa nayo ilikuwa ya Boxer 150, imetolewa kwenye bodaboda iliyopinda fremu. Ni injini nzuri. Ina nguvu farasi zipatazo 12, na imetengenezwa kubeba dereva, abiria na gunia, kupanda na kushuka, siku nzima. Fundi mmoja alikuwa amemtoa kaka wasiwasi kwa kumwambia kwamba huku kwetu milimani injini haina nguvu kama ya Dar. Ni kweli. Iringa mjini pako mita 1,600 hivi juu ya usawa wa bahari na Mbeya mita 1,700. Hewa ni nyepesi, na injini isiyosukumiwa hewa hupoteza karibu sehemu moja kati ya sita ya nguvu zake. Lakini ukitoa sehemu moja ya sita katika 12 unabakiwa na 10, na nguvu farasi 10 chini ya mtoto wa kilo 27 haziwi chache kwa sababu tuko milimani.

Nilichomwambia kaka ni hiki. Sweta kubwa linamsubiri mtoto. Linaning'inia tu, linamchekesha jirani, halimdhuru mtu. Injini haisubiri. Nguvu zake zote zipo siku ya kwanza, chini ya kidole gumba cha mtoto ambaye bado anafungiwa kamba za viatu.

Alinyamaza, kisha akasema nilikuwa nimeanza kuongea kama wifi yangu.

Wifi ni muuguzi. Anafanya kazi katika wodi ambayo sehemu kubwa ya wagonjwa wake wanaletwa na pikipiki, kwa maana zote mbili za sentensi hiyo. Yeye hakuwa na shida na ukubwa wa injini. Alikuwa na shida na jambo zima. Alinitumia ushauri wa chama cha madaktari wa watoto cha Marekani, kwamba mtoto wa chini ya miaka 16 asipande kabisa vyombo hivi. Nilimjibu kwa kumtumia viwango vya watengenezaji wenyewe wa hukohuko Marekani, ambao hugawa kwadi kwa umri: ya mtoto wa miaka 6 na kuendelea isizidi kilometa 24 kwa saa, na iwe na kifaa cha mzazi kuipunguza zaidi. Nilimweleza pia kwamba Kampala na Nairobi watoto wadogo huanzia kwenye Yamaha PW50, kipikipiki cha cc 49 chenye skrubu ya kuzuia mafuta, ambayo mzazi huilegeza kidogokidogo kadiri mtoto anavyojua.

"Kwa hiyo unaniambia ni salama?"

"Hapana, wifi. Nakuambia kuna watu waliofikiria namna ya kuipunguzia hatari."

Alikaa siku mbili bila kujibu. Siku ya tatu akaandika kwamba mtoto huyo huyo hupelekwa shule mshikaki, watatu kwenye bodaboda moja, bila helmeti, na hakuna aliyewahi kumwitia kikao. Kwa hiyo angekubali, kama ningejibu maswali matatu. Itasimama? Mtu aliye nje anaweza kuizima? Na ikimlalia, nani atainyanyua?

Katika miaka yangu yote ya masomo sijapata kupewa vigezo vya usanifu vilivyo wazi kuliko hivyo.

Swali la tatu ndilo lililoiondoa Boxer. Tuliipima kwenye mizani ya viazi nyuma ya duka la kaka: kilo 29, bila tone la oili. Nilifikiria injini ya cc 110 ya kulala, ile ya pikipiki za Kichina zisizo na mkono wa klachi. Ni mjukuu wa injini ya Honda Super Cub ya mwaka 1958, na kwadi nyingi za watoto duniani hutumia ukoo huo. Ingefaa. Lakini tulizoziona sokoni zilikuwa zimechoka, na mpya ilitaka fedha ambazo kaka alikuwa amezitenga kwa ada.

Jibu lilikuwa Ilula, kwa mzee wetu, kwenye bustani ya nyanya. Mzee ana pampu mbili za kumwagilia, na moja ilikuwa imepasuka sehemu ya maji huku injini yake ikiwa nzima: Honda GX160, cc 163, nguvu farasi zisizofika 5, kilo 15. Usidanganywe na namba ya cc. Injini hii ni kubwa kidogo kuliko ya Boxer kwa ujazo, lakini imetengenezwa kufanya kazi polepole. Ina gavana, yaani kifaa kinachoshika mzunguko usipite mizunguko 3,600 kwa dakika, hata mtu avute mafuta mpaka mwisho. Pampu haitakiwi kuchangamka. Mtoto naye, kwa wakati huu, hatakiwi kuchangamkiwa.

Uzuri wa gavana ni kwamba unaweza kupiga hesabu ya mwendo kabla hujanunua hata boliti. Puli ndogo kwenda kubwa, moja kwa tatu. Sproketi ya pikipiki ya meno 14 kwenda ya meno 42, tena moja kwa tatu. Jumla, injini ikizunguka mara 9 gurudumu linazunguka mara moja. Mizunguko 3,600 inakuwa 400 kwenye ekseli, na tairi la kipenyo cha sentimeta 40 linatembea mita moja na robo kila mzunguko. Ni mita 500 kwa dakika, kilometa 30 kwa saa. Ukirudisha skrubu ya gavana mpaka 2,700, unapata 22 na kitu.

Klachi niliipata Mbeya. Pale Mwanjelwa, ukiwa na subira, utakuta vyuma vya mashine za ujenzi zilizokufa, na mashine ya kushindilia udongo ina klachi inayoshika yenyewe injini ikipanda mzunguko na kuachia ikishuka. Mtoto akiachia mafuta, magurudumu yanaachwa. Niliipakia kwenye begi pamoja na nguo, nikashuka nayo kwa basi kupitia Makambako na Mafinga, na fundi wa kukereza Iringa akaitengenezea kiunganishi ili ioane na mhimili wa injini ya pampu.

Kabla ya yote hayo lakini, tulimpeleka Binti Ilula. Kaka alikuwa bado anaona aibu kidogo. Injini ya pampu! Wenzake wangecheka. Binti yeye aliizunguka ile injini, akauliza inawashwaje. Mzee akamwonyesha kamba. Akavuta, ikakoroma. Akavuta tena. Mara ya tatu akakanyaga fremu ya pampu, akavuta kwa mgongo wote, ikawaka, na moshi ukampiga usoni. Hakuuliza kuhusu mwendo. Aligeuka akamwambia baba yake, "Hii naweza kuiwasha mwenyewe." Ile ya Boxer alikuwa ameijaribu dukani kwa kiki, akainuliwa yeye.

Nadhani hapo kaka alielewa kwamba tulikuwa tukichagua injini ya mtu fulani.

Ikabaki chesesi, na hapa ndipo nilipomrudishia sweta lake. Kaka alitaka tukate fremu ya Boxer na kuibandikia magurudumu mawili mbele. Nilikataa kwa sababu ya jambo ambalo kila aliyepanda bajaji kwenye kona analijua kwa tumbo. Chombo hupinduka pale uzito unapokuwa juu kuliko upana wa magurudumu unavyoweza kustahimili. Marekani waliwahi kuuza pikipiki za matairi matatu kwa ajili ya kuchezea. Watoto wengi walikufa, na mwaka 1988 makubaliano kati ya serikali na watengenezaji yakasimamisha uuzaji wake. Magurudumu manne ni afadhali, ila nayo lazima yatanuliwe. Uzito wetu wote, mtoto akiwa amekaa, ulikuwa kama sentimeta 50 kutoka ardhini. Upana wa magurudumu ukiwa sentimeta 60, nusu yake ni 30; gawa kwa 50, unapata 0.6. Tanua mpaka 80, unapata 0.8. Umeongeza theluthi moja ya uthabiti kwa gharama ya vipande vya bomba.

Halafu kuna mtoto mwenyewe. Ekseli ya nyuma ya kwadi yetu haina difu. Magurudumu mawili yanazunguka pamoja, na ili ipinde kona lazima anayeendesha aegemee ndani, gurudumu moja lipate kuteleza. Binti pamoja na helmeti yake ni karibu robo ya uzito wote. Maana yake yeye si mzigo. Ni sehemu ya chesesi, sehemu pekee inayokua.

Kwa hiyo fremu tuliinunua kubwa, kama sweta. Fundi wa Ipogolo aliichomelea kwa bomba jeusi (la maji alilikataa mwenyewe, moshi wa zinki unaumiza kifua na mshono haushiki vizuri). Usukani, kiti na sehemu za kuwekea miguu havikuchomelewa. Vimefungwa kwa boliti kwenye mistari ya matundu, kila sentimeta 3 tundu moja. Mikono imekunjwa. Atakua nayo. Pembeni tuliweka vyuma vya kuzuia mguu usivutwe na tairi la nyuma. Breki mbele na nyuma. Na kamba mbili za kuzimia: moja inafungwa kiunoni kwa mtoto, nyingine ni ndefu, inaning'inia nyuma, mtu mzima anakimbia nayo siku za kujifunza. Wifi aliikimbiza kwadi kwa kamba ile Jumamosi nne, akiwa na kanga kiunoni, na kuizima bila huruma.

Skrubu ya gavana tuliiweka kwenye 2,700, kisha wifi akaifunika kwa rangi ya kucha nyekundu. Ikiguswa na spana, rangi inapasuka, na yeye ataona.

Katika mashindano yake ya kwanza Binti alikuwa wa nne kati ya watano. Kwenye mnyooko walimpita kama amesimama. Alishuka analia, akasema anataka injini kubwa, na kaka akanitazama kwa jicho ambalo sikuhitaji kutafsiriwa. Nilimuuliza Binti wamempitia wapi. Kwenye mnyooko, akasema. Na yeye aliwapita wapi? Alifuta kamasi, akafikiri. "Kwenye kona. Wote wanapunguza. Mimi sipunguzi."

Sasa ana miaka 10. Kiti kimerudi nyuma tundu moja. Injini ya Boxer iko chini ya kaunta ya duka, imefunikwa gunia, na kila mwezi kaka huipiga kiki mara chache ili pistoni isigande; wifi anajua, hasemi. Wamekubaliana kwamba skrubu itageuzwa robo mzunguko siku ambayo watatu wote watakuwepo na watatu wote watakubali: baba, mama na mwenye kwadi. Nikienda Iringa, kabla hata sijaletewa pasi iliyoungua, hupitia bandani nikainama kuitazama. Mara ya mwisho rangi ilikuwa bado nzima.