Kubwa kwa Nini?

Kuuliza ni kazi ambayo watu wengi huidhani nyepesi. Anayejibu hutazamwa na kila jicho, hupimwa, husifiwa au huchekwa. Anayeuliza huketi nyuma ya karatasi yake kama hakimu, wala hapana amwulizaye kama swali lake lilikuwa la haki. Katika maisha yangu nimepata kuwa mjibu maswali na nimepata kuwa mwuliza maswali katika michezo ile tunayoiita chemsha bongo. Katika hali ya kwanza nilidhulumiwa. Katika hali ya pili nilidhulumu. Nitasimulia yote mawili, maana la kwanza pekee lingekuwa manung'uniko tu.

Nilizaliwa Ujiji, kandokando ya Ziwa Tanganyika. Babu yangu alikuwa mvuvi wa dagaa na migebuka. Usiku usio na mbalamwezi aliwasha karabai yake akaenda majini, na asubuhi alirudi na habari za ziwa kama mtu arudiye kutoka kwa jamaa yake. Aliniambia kuwa kamba zote za Ujiji zikiungwa pamoja hazitagusa mchanga wa chini. Niliyachukua maneno hayo kama hadithi za wazee mpaka nilipofika shuleni na kusoma kuwa kina cha ziwa letu ni yapata meta 1,470, na kwamba katika dunia nzima ni Ziwa Baikal la Urusi tu linalolizidi. Siku ile nilimwona babu yangu kuwa mwanachuoni.

Nilipokuwa kidato cha tatu nilichaguliwa kuwa mmoja wa washindani watatu wa shule yetu. Tulipambana na shule nyingine katika ukumbi uliojaa watu mpaka madirishani, na zawadi ilikuwa kamusi moja kwa kila mshindi. Kwa mtoto aliyekuwa akiazima kamusi kwa zamu, hiyo haikuwa zawadi ndogo. Tulikwenda sawasawa mpaka swali la mwisho. Mwuliza maswali akasoma: “Ziwa kubwa kuliko yote katika Afrika ni lipi?”

Niligonga kengele kabla hajamaliza. Mwenzangu akaninong'oneza, “Sema Victoria, ndilo wanalolitaka.” Nilijua kuwa ndilo walilolitaka. Lakini nilijua na jambo jingine, nikalisema: “Kwa eneo la uso wake ni Victoria, kwa wingi wa maji ni Tanganyika.” Mwuliza maswali akaitazama karatasi yake, akaigeuza, akaitazama tena. Kisha akasema, “Jibu moja tu.” Watu wakacheka. Damu ikanipanda kichwani, nikasema, “Tanganyika.” Swali likahamishiwa upande wa pili, nao wakajibu neno moja, wakachukua kamusi tatu.

Sikukosea. Eneo la Victoria ni yapata kilometa za mraba 68,800, na la Tanganyika halifiki nusu yake. Lakini Victoria ni kama sinia: kina chake hakizidi sana meta 80. Tanganyika ni kama kisima kirefu, na maji yaliyomo ni zaidi ya mara sita ya maji ya Victoria. Mtu akiuliza lipi kubwa bila kusema kwa kipimo gani, ameuliza maswali mawili kwa pumzi moja, naye anataka alipwe jibu moja. Hata hivyo sitaki kujitakasa. Ningaliweza kusema Victoria, na wenzangu wawili wangalikwenda nyumbani na kamusi zao. Nilichagua ziwa la babu yangu kwa ukaidi, na yule aliyeninong'oneza hakusema nami neno mpaka tulipofika bwenini.

Wakati wa likizo nilimweleza babu habari yote. Alikuwa akitengeneza nyavu, wala hakuinua uso. Nilipolitaja swali lenyewe aliuliza tu, “Kubwa kwa nini?” Nikamwambia hawakusema. “Basi, mjukuu wangu,” akanena, “walikuwa bado hawajauliza.” Akaendelea na nyavu zake.

Maneno yale machache yamekaa nami kwa miaka mingi. Katika lugha yetu neno kubwa lina mizigo mingi. Waulize ndugu wawili nani mkubwa kati yao, na yule mfupi aweza kusimama, maana ndiye aliyetangulia kuzaliwa. Sema mtu fulani ni mkubwa, na msikilizaji hajui bado kama wataja umri wake, cheo chake au kiwiliwili chake. Katika mazungumzo hatupotei, kwa kuwa msemaji yupo mbele yetu na twaweza kumrudia. Lakini swali la mashindano halirudiwi. Limeandikwa, limefungwa, na jibu lake limefungwa pamoja nalo. Kwa hiyo yampasa mwandishi wake kulitengeneza kama seremala atengenezavyo ngazi: atakayeipanda hatakuwa na nafasi ya kumwuliza kipandio kipi kimelegea.

Yako maneno mengine yenye hatari kama hiyo, na hatari yake hupita alama za mchezo. Mara nyingi nimesikia vijana wakiulizwa: “Nani aliyegundua Ziwa Tanganyika?” Jibu linalotakiwa ni Burton na Speke, Waingereza waliofika katika Februari 1858. Kwa mtoto wa Ujiji swali hilo ni gumu kwa namna ya peke yake. Wageni hao walipofika, mji wetu ulikuwako, wavuvi walikuwako, na misafara ya biashara kutoka pwani ilikwisha zoea njia. Speke mwenyewe alikuwa mgonjwa wa macho, hata hakuweza kuliona ziwa vizuri. Tena Burton ameandika kuwa alipouona mng'ao chini ya kilima aliuliza ni nini kile, na Sidi Mubarak Bombay, Mwafrika aliyekuwa katika msafara wao, ndiye aliyemjibu kuwa alidhani ni maji. Sasa nani amegundua: aliyeuliza, aliyejibu, aliyeshindwa kuona, au aliyekuwa akitupa nyavu siku ile ile? Swali lingeweza kuwa la haki kwa maneno machache tu: “Ni Wazungu gani wa kwanza walioandika habari za kufika kwao katika Ziwa Tanganyika?” Lilivyozoeleka kuulizwa, humtaka mtoto akane babu zake kwanza ndipo apewe alama.

Liko na kosa la tatu, nalo ni la swali lisilo na tarehe. Kitabu cha zamani huuliza mji mkuu wa Burundi, na jibu lililochapwa ni Bujumbura. Tangu mwaka 2019 Gitega ndio mji mkuu wa kisiasa, na Bujumbura umebaki kuwa mji wa biashara. Swali halikubadilika hata herufi moja, lakini jibu limehama.

Watetezi wa maswali ya namna hii husema kuwa kila mtu hujua kinachokusudiwa. Ni kweli, na hapo ndipo penye ubaya. Ikiwa ushindi ni wa yule ajuaye kinachokusudiwa, basi tumeacha kupima elimu ya ziwa na tumeanza kupima elimu ya moyo wa mwuliza maswali. Mwenye kujua jambo moja hujibu haraka bila wasiwasi. Mwenye kujua mawili husita, na kusita kwake huhesabiwa ujinga. Tukifanya hivyo mara nyingi, vijana watajifunza kuwa kujua zaidi ni hasara. Hapana somo baya kuliko hilo ambalo shule yaweza kulifundisha.

Yamkini mtu atasema kuwa wazee wetu nao walipenda mafumbo, na kwamba kitendawili huishi kwa maneno yenye maana mbili. Walakini kitendawili hakidanganyi juu ya tabia yake. Mwenye nacho hutangaza kwanza kuwa anacho. Wasikilizaji humpa idhini ya kutega. Wakishindwa humpa mji, naye hufurahi nao kabla ya kufumbua. Kila mmoja ameingia mtegoni kwa hiari, na fumbo linapofumbuliwa wote hukubali kuwa limefumbuliwa. Swali la chemsha bongo hujivika vazi la uwazi, kisha humnasa mtu aliyeliamini.

Nilipokuwa mwalimu niliapa kuwa sitafanya nilivyofanyiwa. Kiapo hicho nilikivunja bila kujua. Nilitunga maswali ya mashindano ya darasani, na moja lilikuwa hili: “Tanzania ilipata uhuru mwaka gani?” Jibu langu lilikuwa 1961. Msichana mmoja aliyetoka Pemba, mpole, asiyezoea kunyosha mkono, aliandika: “Tanganyika 1961, Zanzibar 1963. Tanzania ilikuwa bado.” Nilikuwa na karatasi nyingi na saa chache. Nikaona jibu refu mahali pa jibu fupi, nikapiga mkwaju mwekundu, nikaenda mbele. Kwa alama ile moja akakosa nafasi ya kwanza, na kitabu cha zawadi kikaenda kwa mwingine.

Baada ya kipindi alinifuata. Aliniamkia kwa adabu, kisha akasema, “Mwalimu, naomba nifahamishwe kosa langu.” Nilisoma jibu lake tena. Tanganyika ilipata uhuru tarehe 9 Desemba, 1961. Zanzibar tarehe 10 Desemba, 1963. Muungano ulikuja tarehe 26 Aprili, 1964, na jina la Tanzania likafuata mwezi wa Oktoba mwaka uo huo. Hakuwa na kosa lolote. Nami nikamjibu, “Lakini ulijua nilichokusudia.” Mara ile ile nikaisikia sauti ya yule mtu wa ukumbini na kicheko cha watu madirishani. Msichana akasema, “Ndiyo, mwalimu,” akaenda zake.

Kesho yake nilisimama mbele ya darasa nikasema kuwa swali lilikuwa bovu na jibu lake lilikuwa zima. Alama alipata. Kitabu hakikuweza kurudi, kwa kuwa sikuona haki ya kumnyang'anya mtoto mwingine kwa kosa langu mwenyewe. Muhula ule sikumwona tena akinyosha mkono, wala sikuwa na la kumlaumu.

Tangu wakati huo nina desturi moja. Kila swali ninalolitunga humpa mtu aliyekulia mbali na nilikokulia mimi, nikamwomba alitafutie jibu la pili. Akilipata, swali halijaiva. Kazi hii huchukua muda, na mara nyingine hufuta nusu ya maswali yangu. Siisikitikii nusu hiyo. Katika yale yaliyobaki limo moja ambalo huliuliza kila mwaka: “Katika Afrika, ni ziwa lipi lenye eneo kubwa kuliko mengine yote?” Jibu ni Victoria. Mtoto wa Ujiji hulitaja bila uchungu.