Machozi ya kuazima

Ikiwa una mwana au ndugu anayesomea filamu chuoni, bila shaka umewahi kuitwa utazame kazi yake ya mwisho wa mwaka. Mimi huitwa mara kwa mara, maana jamaa zangu wanaamini kuwa mwandishi wa magazeti anajua kila kitu. Filamu hizo huwa za dakika kumi au kumi na tano, na nyingi ni za huzuni.

Hadithi utaijua kabla haijaanza. Mama anakohoa. Baba ni mlevi. Msichana anafukuzwa shuleni kwa kukosa karo. Kinanda kinaanza kulia kabla ya mwigizaji.

Usiwacheke vijana hawa. Kila sanaa ina kanuni zake. Mwenye dakika kumi hana nafasi ya kueleza habari za ukoo mzima. Kikohozi kimoja kinamtosha. Isitoshe, wameokota mengi katika michezo tuliyolelewa nayo: Tausi ya KBC, filamu za Kihindi, na zile za Nigeria zilizovuma baada ya Living in Bondage ya mwaka 1992.

Lakini je, kanuni ikimfunika mtu? Shemeji yangu alipoachishwa kazi, alivaa shati lililopigwa pasi kila asubuhi kwa miezi minne, akashika mkoba na kutoka, ili majirani wasijue. Bintiye aliyaona hayo yote. Alipotengeneza filamu kuhusu baba asiye na kazi, alimpa chupa mkononi na kumfanya ampige mkewe. Shemeji alitazama hadi mwisho, kisha akauliza polepole, "Mwanangu, huyo ni mimi?" Binti akajibu, "La, Baba. Baba wa filamu huwa hivyo."

Kuazima si dhambi. Ousmane Sembène wa Senegal alisomea filamu Moscow, na mwaka 1963 akatoa Borom Sarret, ya dakika zipatazo 20. Mwenye gari la farasi mjini Dakar ananyang'anywa gari lake na polisi kwa kuingia mtaa wa matajiri. Wajuzi huilinganisha na Bicycle Thieves ya Mwitaliano Vittorio De Sica, ya 1948, ambamo baba maskini anaibiwa baiskeli inayompatia kazi. Hata hivyo, gari lile ni la Dakar. Mwishoni mke anampa mumewe mtoto na kutoka, akiahidi kwamba watakula. Aendako hatuonyeshwi.

Wahenga walisema nguo ya kuazima haistiri matako. Kwa hivyo mzazi, usimpigie mwanao makofi tu. Muulize: hili uliliona wapi? Nawe mwanafunzi, chupa ya mlevi tumeiona mara nyingi. Shati lililopigwa pasi bado hatujaliona.