Dhamana kwa Msomaji

Nilipoingia katika kazi ya kutengeneza tovuti, jijini Dar es Salaam, mkongo wa baharini ulikuwa haujafika kwetu, na aghalabu mawasiliano yetu na ulimwengu yalipanda hadi kwenye setilaiti, umbali wa kilomita zipatazo 36,000, ndipo yashuke. Kwa hiyo kila faili iliyoepukika kupakuliwa ilikuwa neema. Basi mwaka 2008 Google walipoanza kuhifadhi maktaba mashuhuri za JavaScript, jQuery ikiwa miongoni mwake, na kumruhusu kila mtu kuziita kutoka kwenye seva zao bila malipo, niliipokea rai hiyo kwa moyo mkunjufu, kwani hoja yake ilikuwa thabiti: msomaji aliyekwisha kuipata maktaba ya toleo lile lile kupitia tovuti nyingine, kivinjari chake kiliitoa katika akiba, wala hakikuipakua tena.

Walakini hoja huishi madhali sababu zake zi hai. Watengenezaji wa vivinjari walitambua kwamba akiba ile iliyotumiwa na tovuti zote kwa pamoja ilizipa tovuti mwanya wa kupeleleza msomaji alikopita, nao wakaigawa, kila tovuti ikawa na fungu lake: Safari ilitangulia mwaka 2013, Chrome ikafuata mwaka 2020, na Firefox mwaka 2021. Faida ile kuu ikatoweka, ikabaki gharama ya kuitafuta seva ya pili na kufungua nayo mawasiliano salama kabla ya kupokea hata herufi moja.

Mei 2024, mikongo ya baharini ilipokatika, niliziona kurasa ambazo seva zake zilikuwa papa hapa jijini zikifunguka pungufu: maandishi yasomeka, ilhali fomu hazitumiki, kwa sababu maktaba iliyoziendesha ilikuwa ng'ambo. Mwezi uliofuata ikabainika kwamba kikoa cha polyfill.io, ambacho tovuti nyingi ziliita faili yake ya JavaScript, na ambacho kilikuwa kimekwisha kuuzwa kwa mmiliki mpya, kilikuwa kikipenyeza msimbo wa hila katika tovuti zaidi ya 100,000. Alama ya kuthibitisha kwamba faili haijabadilishwa, iliyopitishwa kuwa kanuni ya wavuti mwaka 2016, isingefaa kitu hapo, maana faili ile ilibadilika kulingana na kivinjari cha kila mgeni.

Tangu hapo vijana ninaowafunza kazi nawausia waiweke maktaba katika seva ile ile ya tovuti, waibane, waandike toleo katika jina la faili ili ikae muda mrefu katika akiba, na wafuatilie kila sahihisho la usalama, kwa kuwa kujihifadhia ni wajibu usio na likizo. Na ambaye wasomaji wake wametapakaa duniani, na aupitishe mzigo wote, kurasa na maktaba pamoja, katika mtandao mmoja wa usambazaji, chini ya kikoa chake mwenyewe. Msomaji aliyeandika anwani yetu ametuamini sisi, na haki yake ni kwamba kila kinachoendeshwa ndani ya kompyuta yake kwa jina letu tuwe tumekijua, tumekikagua, na tuko tayari kukijibia.