Usimtumie Gogo Wangu Chati ya Chakula

Wasee, ombi moja. Ukisikia mtu ana sukari, ana presha ya moyo, na figo zimeanza kuchoka, usimtumie ile chati ya "vyakula 10 vya kushinda kisukari". Grupu yetu ya familia imejaa hizo vitu, na gogo wangu hapa Chepilat ana yote matatu.

Shida iko hapa. Mwenye presha anaambiwa ale ndizi na avokado, zina potasiamu. Sawa. Lakini figo zikilegea, potasiamu haitoki vizuri, na ikizidi kwenye damu inavuruga mapigo ya moyo, inaweza hata kuusimamisha. Yaani ile ndizi ya kulinda moyo inaugeukia. Na soko letu si mnalijua, liko mpakani: ndizi zinatoka upande wa Nyamira, maziwa upande wa Bomet. Halafu kuna chumvi za "watu wa presha". Soma pakiti bana, nyingi zimewekwa potasiamu badala ya sodiamu.

Gogo alisoma chati zote akaogopa. Akaamua heri asile. Anadunga insulini, anakunywa chai ya rangi, analala. Hakuna aliyemwambia kwamba figo zikidhoofika insulini inakaa mwilini muda mrefu zaidi, so sukari inaweza kushuka vibaya. Ilishuka. Jasho, mikono inatetemeka, ananiita jina la marehemu babu. Shangazi alikimbilia juisi ya machungwa, mama akamzuia, akakoroga vijiko vinne vya sukari kwenye maji. Mama alikuwa sahihi: machungwa nayo yana potasiamu, sukari haina.

Baadaye tulienda kwa mtaalamu wa lishe. Swali lake la kwanza halikuwa unakula nini. Aliuliza, "Vipimo vya damu viko wapi, mama?" Kumbe potasiamu ya gogo haijapanda. Nusu ndizi anaruhusiwa! Miezi yote hiyo amejinyima bure kwa sababu ya picha ya mtu asiyemjua. Ya mwingine ikiwa juu, ataambiwa tofauti kabisa, na hiyo ndiyo chati haiwezi kujua.

Chumvi ndiyo haikuwa na mjadala: isifike gramu 5 kwa siku, kama kijiko kimoja cha chai, na mchuzi mix inahesabiwa humo. Managu achemshe, amwage maji, potasiamu inapungua. Gogo akacheka, mamake alikuwa akimwaga hayo maji ili kuondoa uchungu tu.

Mimi niliacha chuo mwaka wa pili na si daktari, kwa hivyo msiniombe orodha kwa inbox. Ulizeni vipimo.

Kilichobaki ni chai. Gogo amechuma majani miaka mingi, na anasema hawezi kunywa chai bila maziwa eti kwa sababu ya fosforasi, kitu hajawahi kuona. Wamekubaliana kikombe kimoja cha asubuhi, bila sukari. Cha saa kumi bado wanavutana.