Chama cha bolingi na fomu iliyoko kwenye begi langu

Dawati la michezo lilinibana, halafu juzi nikaletewa fomu ya kugombea ukatibu wa chama cha wahitimu wa kitivo chetu. Kwenye daftari tuko zaidi ya mia mbili. Kikao cha mwisho tulifika tisa, na mmoja alikuja kumvizia mdeni wake.

Nikiwa nawaza cha kufanya, nikajikuta nasoma habari za chama cha bolingi cha Marekani, USBC. Msicheke. Bolingi nimecheza mara moja tu maishani, Masaki, kwenye bethdei ya mtu, na tufe langu lilipenda mfereji wa pembeni kuliko pini. Lakini habari za chama hicho ni kana kwamba niliandikiwa mimi.

Kilianza New York mwaka 1895, kikiitwa American Bowling Congress, ili mchezo uwe na sheria moja nchi nzima. Kazi hiyo kiliiweza. Kisha nguvu zikakilevya: kuanzia 1916 katiba ilitaka mwanachama awe mwanaume mzungu, na kipengele hicho kiliondolewa 1950. Wanawake walianzisha chama chao, St. Louis, mwaka huohuo wa 1916. Kuungana na kuwa USBC ilikuwa mpaka 2005!

Mwishoni mwa miaka ya 1970, wanaume na wanawake pamoja, wanachama walikaribia milioni 9. Siku hizi ni kama milioni 1. Ungedhani watu waliuchoka mchezo. Wapi! Msomi Robert Putnam alionyesha kwamba kati ya 1980 na 1993 wachezaji waliongezeka kwa asilimia 10, huku wale wa kwenye ligi wakipungua kwa asilimia 40. Watu walikuwa wanacheza, ila hawakutaka kufungwa na ratiba ya kila wiki, miezi na miezi.

Hapo ndipo kiongozi anapobanwa. Wenye kumbi wanataka pini za kamba, zile zinazovutwa juu kwa kamba baada ya kuangushwa, kwa kuwa mashine zake ni rahisi kutunza. Wakongwe wanasema hiyo siyo bolingi. USBC ilipima, ikaona kuangusha zote kumi kwa tufe moja kunapungua kwenye kamba, na mwaka 2023 ikazitambua kama mashindano ya aina yake, mbali na pini huru. Kuna watakaosema ni woga. Mimi naona angalau walipima kabla ya kusema.

Sisi hatujapima chochote. Ada ni elfu kumi kwa mwaka na hailipwi. Lakini mtu akifiwa, ndani ya saa mbili michango imejaa kwenye simu ya mweka hazina, kutoka kwa walewale ambao kikaoni huwaoni. Kwa hiyo watu wapo.

Mwenyekiti anataka nikishinda nianze kwa kuwafuta wasiolipa. Nikamwambia, braza, mimi ningefuta ada kwanza. Akaguna.

“Dogo, bila ada hicho siyo chama.”

Sikuwa na jibu, na sijalipata mpaka leo. Fomu zinarudishwa Ijumaa. Yangu nimejaza jina tu.